Tundu la Sakafuni

Devon, 4 Machi 1958

Mwanangu Hester,

Salamu nyingi. Mimi mzima kama chuma, na paa la nyasi halivuji. Mumeo hajambo huko Bristol?

Barua yako nimeisoma mwenyewe, sikusomewa na mtu. Ati nishushe kitanda, kwa kuwa ngazi ni nyembamba na zinajipinda kando ya dohani! Nimezipanda tangu utotoni, hata nikiwa nimelewa. Kuta hizi za udongo alizijenga babu yake babu yangu, unene wake mkono mzima. Nani kijijini ana nyumba kama hii? Hakuna. Nalala juu, alipolala mama yako. Siku yangu ikifika nitashuka kama alivyoshushwa yeye: kwa kamba, ndani ya jeneza, kupitia tundu la sakafuni. Basi.

Baba yako,
Amos

Bristol, 9 Machi

Shikamoo baba,

Sisi wazima, ila kikohozi cha mume wangu hakijamwacha. Vipi magoti yako?

Tundu lile lilitobolewa kwa sababu jeneza halipiti kwenye ngazi. Je, mtu aliyevunjika atapita wapi? Nakusihi, shusha kitanda. Ukikataa, nitakuja nikuchukue, na nyumba tutaifunga.

Mwanao,
Hester

Hospitali, Exeter, 2 Mei

Mwanangu Hester,

Salamu. Usilie, ni nyonga tu. Nesi alitaka kuniandikia, nikamfukuza.

Nilianguka kando ya kitanda. Kando ya kitanda, si kwenye ngazi! Nikapiga kelele mpaka jirani yetu Reuben akasikia. Watu wa ambulensi walipoziona ngazi walishika viuno. Nikawaambia, "Inueni zile mbao zinazofunika tundu, nyie!" Wakanifunga kwenye machela, wakanishusha kwa kamba.

Chini nikamkuta Reuben kavua kofia, kainamisha kichwa.

"Vaa kofia yako, mjinga! Bado napumua!"

"Nisamehe, mzee Amos. Mazoea tu."

Walicheka, nikawapita wote kwa kucheka. Katika ukoo wetu ni mimi wa kwanza kupita pale huku natukana.

Lakini nilipokuwa naning'inia nilitazama juu, nikaona kitanda chetu kitupu. Nikaogopa, mwanangu. Si kufa. Niliogopa kwamba sitarudi tena nyumbani, kwamba utaifunga kweli.

Usiifunge. Mwambie Reuben akishushe kitanda, akiweke karibu na dirisha, nione wapitao. Akipitishe tunduni. Kwenye ngazi hakipiti.

Baba yako