Mama Alipokupita Mwanza

Mshangano, Songea
Jumapili, baada ya misa

Kaka yangu mpendwa Leonce,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokuwa nacho Mwanza kimekuacha. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Watoto wazima, mahindi yamebeba vizuri, na shemeji yako Sixbert bado anabishana na redio kila jioni kana kwamba itamjibu.

Nakuandikia kwa sababu namba ya simu ulininyima. Barua nampa Chande, dereva wa lori lenu la mahema. Nimemwambia asiondoke mpaka akuone unaisoma, maana nakujua, ungeitia mfukoni ukasema utaisoma kesho.

Mwanza uliniuliza, tena kwa kejeli, mama amepatwa na nini mtu mzima yule hata azunguke miji akitembea kwa kukata kiuno barabarani. Sikukujibu vizuri, ngoja nikujibu sasa. Mwaka juzi Majidi, yule mwenye duka la vyombo Majengo, alirudi kutoka Dodoma akasema amekuona kwenye nusu marathoni, unafunga mahema na kupanga meza za maji. Akasema kampuni yenu inahama na mashindano mji hadi mji.  Kesho yake mama akaenda Lizaboni kwa mwalimu Otto, anayefundisha kikundi cha watembeaji, akaomba naye afundishwe.

Tulimcheka, kaka, sitaficha. Mchezo wenyewe una masharti yake: mguu mmoja uwe chini wakati wote, goti la mbele linyooke, na ukithubutu kukimbia wasimamizi wanakutoa. Basi mama akawa anapita asubuhi njia ya shamba, nyonga zinakwenda huku na huku, na majirani wanatoka na miswaki mdomoni kumtazama. Sixbert akamuuliza kwa nini asipande tu basi akakufuate kwenye mahema. Akajibu kwamba ungemuona anakuja ungetoroka, kama ulivyotoroka Namtumbo alipokufuata kule. Lakini mtembeaji anapita barabara yote, tena polepole kuliko wanaokimbia, akizitazama nyuso za watu, na wewe ukiwa kwenye meza ya maji huwezi kuiacha kazi. Kwa hesabu hiyo akaenda Iringa, akaenda Moshi, akaenda Dodoma. Kila mara alirudi na medali shingoni na uso umemshuka.

Mwanza nilimsindikiza mimi. Kilichotokea kule wewe ulikiona nusu. Alipokwisha kuipita meza yenu, alisikia mtu anakohoa nyuma yake. Akageuka, akarudi mbio kabisa, akamkamata kijana mmoja aliyesimama pale na kikombe cha maji, akaanza kumpapasa uso kwa vidole. Yule kijana akaruka pembeni. Watu wakaangua kicheko, msimamizi akainua kadi nyekundu, mama akatolewa. Wakati huo wewe ulishajificha nyuma ya hema. Mimi nilikuwa na hasira na aibu, nikafikiri mama ameanza kuchanganyikiwa.

Ndipo nilipozunguka kutafuta kivuli nikakukuta umejikunyata unalia. Ukaniambia mama amekutazama usoni, mmekaribiana hata ungeweza kumpa maji mkononi, naye akapita kama hakujui. Ukasema basi, alichosema baba siku bani la kukaushia tumbaku lilipoungua, kuwa wewe si mwanawe tena, hata mama amekikubali. Kwamba mtu aliyeacha moto akaenda kuangalia mpira, kisha akashindwa hata kuja kumzika baba yake, hana haki ya kulalamika. Ukaniapisha nisimwambie mama kuwa nimekuona. Nikaapa, kwa sababu hata mimi niliamini amekukataa. Tulirudi Songea siku mbili kwenye basi, mama amekaa dirishani, mimi nimempa mgongo. Nilimchukia, kaka.

Wiki iliyopita alikuwa anamimina chai, akaimwaga yote mezani pembeni ya kikombe huku anakitazama. Nikamkokota hospitali. Daktari akampima muda mrefu, akaniita ndani. Macho ya mama yamekufa katikati. Pembeni anaona: anaona ukingo wa barabara, anaona miguu ya aliye mbele yake, ndiyo maana anatembea na hakuna aliyegundua. Lakini kitu akikitazama moja kwa moja kinageuka ukungu. Uso wa mtu haupati tena. Daktari alisema hali hiyo haikuanza jana, na kilichokwisha kufa hakirudi.

Nilimuuliza mama tukiwa kwenye benchi nje: sasa Mwanza ulikuwa unatafuta nini? Akasema nyuso zilimpotea tangu Moshi. Akasema yeye hawezi kukuona, lakini wewe unaweza kumuona, kwa hiyo ataendelea kupita. Kisha akanisihi nisimwambie mtu, hasa mwalimu Otto, asije akamzuia.

Kwa hiyo nimeapishwa na mama na nimeapishwa na wewe, na viapo vyote viwili leo navivunja. Mungu atanisamehe, na asiponisamehe basi. Kuhusu baba sitakudanganya: hakulitaja jina lako mpaka anazikwa. Lakini mama si baba. Nguo za marehemu ziko sandukuni hadi leo, wazee wamekuja kuomba zigawanywe wamechoka, anawaambia mwanawe mkubwa hajafika.

Hakukukataa, Leonce. Alikutazama kwa sababu alijua hapo pana mtu, na akapita kwa sababu wewe ulinyamaza.

Mwezi ujao atatembea Mbeya. Atavaa fulana ya njano, na mimi nitakuwa pembeni yake kadiri watakavyoniruhusu, lakini sitamshika mkono wala kumwonyesha. Hilo nakuachia wewe. Usisimame ukingoja akutambue. Mwite. Sema mama, kwa sauti, hata kama barabara nzima itakugeukia.

Watoto wanamsalimu mjomba wao wasiyemjua. Msalimie na Chande, umshukuru kwa kukusimamia. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Benigna