Mstari Aliofuta Nafula

Kabiria, Jumanne

Wekesa,

Huna haya. Naanza na hilo ndipo nikusalimu, kwa sababu salamu ni za watu wanaoambiana ukweli. Uliniambia nini siku ile unanibebea begi mpaka stendi? "Mama, Nafula halali, hali, anakonda huko Nairobi. Nenda ukae na mjukuu wako wiki mbili, upumzishe magoti." Huu ni mwezi wangu wa saba hapa. Magoti hayajapumzika hata siku moja.

Haya, hamjambo. Mvua imefika huko? Mahindi yangu ya kule chini yamepaliliwa, au mnangoja magugu yachoke yenyewe? Mimi mwili ni mzima. Kinachouma si mwili. Nimekuandikia kwa sababu nikikupigia simu unasema mtandao unakatika. Karatasi haikatiki.

Kwanza ujue tulivyokuwa tunaishi, usije ukasema mama alikuwa na kisirani tangu mwanzo. Mtoto wako huenda ofisini kule Hurlingham siku mbili kwa wiki, siku zingine anafanyia kazi hapa nyumbani, mezani, kwa kompyuta. Anaiandikia maagizo. Lugha yenyewe inaitwa Python, na ameniambia hilo ni jina la chatu. Nilimuuliza kama majina ya watu yaliisha. Kazi aliyopewa ni ya zahanati moja: kompyuta iwatumie akina mama ujumbe kwa simu, kwamba kesho mlete mtoto achanjwe.

Siku moja nachambua mboga ya mrenda, namwona analia. Akina mama walikuwa wameitwa siku isiyo yao, wakafika na watoto mgongoni wakakuta mlango umefungwa, na wakubwa wa ofisi wamemkalia Nafula kooni. Nikamwambia, "Nisomee hiyo kitu. Kwa Kiswahili."

Akacheka na machozi yake. "Kukhu, bibi yangu, hutaelewa."

"Sijasema nitaelewa. Nimesema soma."

Akasoma. Sijui x ni hii, x mbili ni ile, data, data mpya, data mpya ya mwisho. Nikamzuia. "x ni nani?"

"Ni tarehe ya chanjo."

"Na x mbili?"

Akakuna kichwa. Hata yeye mwenyewe hakujua! Nikamgombeza vizuri. Kwetu mtoto wa kike akizaliwa wakati wa mvua ni Nafula, wakati wa njaa ni Nanjala kama mimi, na mtu akisikia tu anajua tulifika duniani vipi. Wewe unaita kitu x halafu unashangaa kimekupotea? Akaanza kubadilisha majina moja moja: tarehe_ya_chanjo, jina_la_mama, simu_ya_mama. Alipofanya hivyo ndipo akaona ile hesabu ya siku ameiandika mahali patatu. Alikuwa amerekebisha pawili, pa tatu akapasahau, na hapo ndipo palipowaita wale akina mama vibaya. Nikamuuliza kama jikoni kwake chumvi inakaa sahani tatu. Akaiweka mahali pamoja, akaipa jina, na popote inapohitajika inaitwa kutoka hapo.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Mimi nachambua mboga, yeye ananisomea. Kipande kikiwa kirefu, kinasoma, kinahesabu, kinatuma, vyote kwa pumzi moja, namwambia akikate. Matangani kwetu anayeteka maji siye anayesonga ugali, la sivyo ukiungua hujui umgombeze nani. Hata ile habari ya mistari kusogea ndani niliielewa kabla hajamaliza kueleza: iliyosogea ni ya ule ulio juu yake, kama watoto nyuma ya mama yao, na ukiipanga ovyo mashine inagoma. Nilifurahi, Wekesa. Mimi niliyeachia darasa la tatu.

Na iko mistari mingine inayoanza na alama kama dirisha la nondo. Hiyo mashine haisomi, inaipita tu. Inawekwa kwa ajili ya watu watakaokuja nyuma. Pale juu kabisa Nafula aliandika, nami nikausoma kwa kidole: "Kukhu amesema: jina liseme kazi yake." Nikamwambia asiutoe. "Haki ya Mungu, Kukhu, huu unakaa."

Alhamisi iliyopita wakaja wenzake wawili wa ofisi, kijana anaitwa Brian na mkubwa wao, mama mmoja wa miwani. Nikapika kuku. Jikoni na sebule hapa ni pazia tu, kwa hivyo namsikia Brian ameketi kwa kompyuta: "Nafula, wacha! Hii kazi imekuwa safi, inasomeka kama gazeti. Nani alikufunza?"

"Aa, nilijisomea tu."

Yule mkubwa akauliza, "Na huyo mama anatupikia ni nani?"

Nikasimama na sufuria mkononi, nangoja kuitwa nisalimie.

"Huyo ni mama wa kazi. Ametoka tu ushago, huko kijijini."

Nikawaandalia, Wekesa. Nikazungusha maji, nikawanawisha wote, na mjukuu wangu akanyoosha mikono yake bila kuniangalia. Brian akasema, "Mama, hii kuku ni tamu sana!" Nikasema asante.

Kupika si aibu. Nimepika maisha yangu yote, na mwanamke anayelipwa kwa kazi hiyo namheshimu. Lakini hata yeye huitwa kwa jina lake.

Walipoondoka nilikwenda kwa kompyuta nikautafuta mstari wangu. Haupo. Ameufuta kabla hawajafika. Sikumpiga. Nilimuuliza tu, akaanza kulia. "Kukhu, nisamehe, niliogopa watanicheka. Lakini si mimi nilianza. Nilimwomba baba anitafutie msichana wa kazi. Akaniambia wasichana siku hizi hawakai, wacha nikuletee mama."

Soma hapo tena. Soma kwa kidole kama mimi.

Nafula ni mtoto, ameona haya mbele ya watu wa miwani, na hilo nitalimaliza naye hapa hapa. Ameshaurudisha ule mstari, nimekataa kuutazama. Lakini jina la mama wa kazi hakulitunga yeye. Ulinipa wewe, ukanipandisha basi nalo, mimi nakupungia mkono dirishani kama mjinga.

Msalimie Rosa mke wako, umwambie simlaumu mpaka nijue kama naye alijua. Msalimie dada yangu Nasimiyu anayelala kwangu, asichinje yule jogoo mwekundu, ni wa kunipokea. Na yule jirani anayelima kuvuka mpaka wangu, mwambie narudi, tena naona mbali.

Sasa sikia. Jumamosi uje, wewe mwenyewe, usitume mtu. Nafula nimemwagiza awaite wale wawili tena, na safari hii atapika yeye. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti kikubwa. Utaingia, utawasalimia, halafu utasimama mbele yao useme mimi ni nani. Na useme kwa sauti ya kufika jikoni.

Mama yako mzazi,
Nanjala