Ubao wa Pili wa Mninga

Mpendwa Bibi Nesta,

Naomba msaada wako kabla sijapiga kelele Itumba nzima ikasikia. Mimi ni mke wa Lwitiko, na tangu nijifungue mtoto wa tatu mgongo unaniuma, siwezi tena kukanda unga wa mkate nimeinama sakafuni, ndipo mume wangu, ambaye alifanya kazi Ndola akaona watu wanavyopika wamesimama, akaniahidi meza ya mninga jikoni, ienee kutoka ukuta hadi ukuta, ilale juu ya nguzo mbili za matofali, kila moja imeegemea ukuta wake. Nilifurahi jamani! Tukanunua mbao mbili nene kwa wapasuaji wa Kamsamba, moja ya meza na moja ya akiba.

Sasa fundi mwenye msumeno hapa ni mmoja tu, naye ni baba mkwe. Mila zetu unazijua Bibi, mimi mkamwana sisimami mbele yake, sisemi naye, jina lake sitaji, akipita njiani najificha vichakani, na yeye jikoni kwangu hakanyagi nikiwamo, basi aliyepima ni Lwitiko, akapima kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, akaenda kumwambia baba yake, "Mikono sita," na mzee akapima mikono sita yake mwenyewe akakata. Lwitiko ni mrefu kama mlingoti, na baba yake ni mfupi! Tulipouweka ubao haukufika nguzo ya pili, upande mmoja ukatumbukia chini pamoja na unga wangu wote, na mume wangu amesimama anatazama tu, anasema, "Lakini ni sita." Nilitamani kumpiga mwiko.

Mzee anasema mvua zikiisha atakata ule wa pili, na Lwitiko amemwambia aongeze "kidogo". Kidogo cha nani? Wapasuaji wamehama, ubao mwingine hakuna. Nimefikia kutaka kutoka nje nimweleze mzee kwa kinywa changu, lakini nikithubutu, mama mkwe atanirudisha kwetu siku hiyo hiyo. Ninyamaze nikose meza, au niseme nikose ndoa?

Tupokigwe, Itumba

*

Tupokigwe,

Pole kwa mgongo, na pole kwa unga. Lakini wewe nawe! Unashinda jikoni humo kila siku ya Mungu, halafu unamwachia kupima mtu asiyejua hata kusonga ugali? Na wewe Lwitiko, najua unausoma ukurasa wangu huu gazetini, maana mkeo kakutaja: huko Ndola uliona meza, futi ya kupimia hukuiona?

Mama, usimtokee mzee. Heshima uliyomtunzia tangu uolewe usiivunje, wala huna haja ya kuivunja. Kata mwanzi. Ulaze kati ya ukuta na ukuta, upunguze taratibu mpaka uingie bila kupinda, na ufanye hivyo mwenyewe, Lwitiko akae mbali. Kisha kata mwingine mfupi, kutoka sakafuni hadi pale mikono yako inapokanda bila mgongo kulalamika. Hilo hakuna aliyekuuliza, na nguzo zile naapa zilijengwa kwa kiuno cha Lwitiko.

Mianzi yote miwili aipeleke Lwitiko kwa baba yake, na mdomo aufunge. Asiseme sita, asiseme kidogo. Mzee alaze mwanzi mrefu juu ya ubao, atie alama, akate nje kidogo ya alama, kisha amalizie kwa randa. Mwanzi mfupi ndio kimo cha meza, nguzo azipunguze mpaka ubao ulingane nao. Siku ya kuuweka, wewe nenda mtoni na nguo zako za kufua, ukae huko mpaka uitwe. Ule ubao uliokatwa vibaya usiuchome kwa hasira. Mpe mama mkwe, naye ana mgongo.

Miaka yote hii mzee hajakutazama hata mara moja, wala hajui mke wa mwanawe ana kimo gani. Akiushika ule mwanzi mfupi, atajua.

Bibi Nesta