Mdogo wangu hataki tena kupanda jukwaani

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu, na shikamoo kama umenizidi umri. Naomba unisaidie maana kichwa kimejaa na nyumbani sina wa kumwambia, mdogo wangu wa kiume, niliyemlea tangu mama yetu afariki, alitumia unga wa kulevya kwa miaka, akauza hadi sufuria ikiwa bado ya moto, lakini serikali ilipofungua kliniki ya methadoni, dawa ya kumwachisha mtu unga, karibu na soko nilimpeleka mwenyewe, akawa anakunywa dawa yake kila asubuhi mbele ya muuguzi, na leo ukimwona amenenepa, analala, anacheka, amerudi kwenye ufundi wake wa kuchomelea mageti na nondo za madirisha.

Afisa ustawi wa jamii akamwomba atoe ushuhuda kwenye mkutano wa mtaa, nikafurahi mno, akapanda, akaeleza alivyokuwa akivunja madirisha ya watu, wakalia, wakampigia makofi, basi wakamtaka shuleni, wakamtaka uwanjani, wakampa na fulana iliyoandikwa NILIKUWA TEJA mgongoni, mtaa mzima sasa unamwita Ushuhuda, nami sikuona ubaya, hata pale mama mmoja aliyeagiza mlango wa chuma alipokuja karakana na kumwambia, "Samahani baba, nilikusikia kwenye kipaza sauti. Kwa ujuzi ule wa madirisha, mimi nitalalaje?" akaghairi akaondoka.

Sasa Jumamosi anakuja mgeni kutoka wizarani, afisa anasema mgeni akiguswa kliniki itaongezewa chumba, nimeshaahidi kwamba mdogo wangu atazungumza, nimemshonea na shati, lakini yeye kanijibu kwa upole tu, "Dada, kila nikisimulia ule unga ni kama nauonja upya. Nikishuka pale mwili wote unautaka. Jumamosi msinihesabu." Mshauri, watu wamemtendea mema yote haya, naye anawanyima nusu saa? Nimwambieje akubali bila kugombana?

Dada Mtu

*

Dada Mtu,

Marahaba. Pole, na hongera kwa kumpeleka kliniki. Wengi hufunga mlango wakajifanya wamelala. Sasa kaa vizuri nikuseme kidogo.

Umeniuliza namna ya kumlainisha. Sikufundishi. Mtu amekwambia kwa mdomo wake kwamba akishuka jukwaani mwili unautaka unga, wewe unawaza shati! Hayo si madeko wala utovu wa shukrani. Huyo ni mgonjwa anayekuonyesha panapouma, na amekuonyesha kabla hajaanguka. Ungekuwa umejifungua kwa upasuaji, ungekubali kila mkutano ukufunue kovu?

Ni kweli kliniki inahitaji wa kuisemea, na waliopona wakisimama kwa hiari yao wanaokoa wengine. Kwa hiari, dada yangu. Wewe umeahidi mdomo usio wako.

Fanya hivi. Leo mwombe radhi kwa maneno machache, na usilie, asije akaanza kukubembeleza wewe. Kesho asubuhi fuatana naye hadi kliniki akawaeleze kuhusu hiyo hamu, maana inatibika na haifai kungojwa. Ile fulana ipigie deki. Kisha nenda kwa afisa peke yako, umwambie Jumamosi utazungumza wewe: jinsi familia inavyochoka, jinsi foleni ya asubuhi inavyofika barabarani, na kwa nini chumba kinahitajika. Habari za mdogo wako utazitaja kwa kiasi atakachokuruhusu. Akisema usizitaje, hutazitaja.

Ukimaliza kuzungumza usikimbilie kukaa. Muulize afisa, mgeni wake akisikia, milango na madirisha ya chumba hicho kipya atatengeneza nani. Walimwamini mbele ya watoto wa shule, basi wamwamini na kufuli la ofisi yao. Wakimpa kazi hiyo, wateja wengine watarudi wenyewe. Wakianza kutazamana, utajua yale makofi yalikuwa ya nini, na hutampeleka tena jukwaani.