Tangazo la Kome

Hye-rim, niko hospitali. Usicheke kwanza.

Si ofisi yetu ya afya ilinituma kijijini kutafuta waliougua kwa kula kome wa baharini wenye sumu ya mwani? Nikashika kipaza sauti cha kijiji, nikapiga kelele mpaka koo likakauka: "Msile kome!"

Kumaliza tu, akina bibi wa ukumbi wa kijiji wakanikalisha. "Mwanetu umechoka, kula tambi." Sasa wewe unaweza kumkatalia Bibi Gwak, mkubwa wao? Nikamaliza bakuli mbili.

Nikauliza, mbona supu tamu hivi?

"Kome hao."

KOME! Bibi, si nimetangaza sasa hivi?

"Hao tuliwaokota asubuhi, kabla hujatangaza."

Kabla hujatangaza, shoga! Kama vile sumu ilikuwa inangoja nitoe ruhusa!

Midomo ikaanza kufa ganzi. Wao wazima, hawajaonja hata kidogo, walikuwa wanangoja mgeni nishibe kwanza. Nikamwaga sufuria nzima huku wananisonya.

Sasa kanipigia Dong-uk wa ofisini, na maswali yale yale ya kuhoji wagonjwa niliyoyatunga mimi.

"Kabla ya kula, ulisikia onyo lolote?"

Nilisikia.

"Kutoka kwa nani?"

Kutoka kwangu, Dong-uk!

Akaendelea, kwa sauti ya kazi kabisa:

"Sawa. Na huyo mtoa onyo, alieleweka?"