Bihogo Amekuwa Mweupe

Jumanne, 10 Juni 2025

Baba Teddy anaona! Wamemfungua jicho asubuhi hii, hata chai sijanywa. Daktari kanyoosha vidole, mzee akavihesabu vyote. Kaonyeshwa herufi za ukutani, akazisoma mpaka ule mstari wa chini kabisa. Halafu akanigeukia mimi, akaniangalia weee, akasema, "Mama Teddy, kumbe umenenepa." Mbele ya manesi! Nikacheka, nikalia, nikacheka tena. Aniite pipa akitaka. Gaspari wangu, aliyeendesha malori ya kahawa Ngara nzima, kisha akawa anapapasa ukuta kwenda chooni — leo katembea mwenyewe koridoni akisalimia watu kwa rangi za nguo zao. Wewe wa kitenge cha njano, umeamkaje?

Jicho la kushoto litapasuliwa baadaye. Moja linatosha kwanza.

Baada ya Mungu wa kusifiwa ni Teddy. Naandika kwa sababu hapa hakuna wa kuniambia najisifu. Wenzangu wamezaa madume matupu, yamejaa vijiweni. Mimi nimezaa msichana mmoja, fundi wa magari Nyakanazi, mwenye gereji yake. Lori likifia porini, madereva hawaulizi fundi yuko wapi. Wanauliza Teddy yuko wapi. Ni yeye aliyesikia madaktari wa macho wanakuja Biharamulo, akatufuata nyumbani Ntobeye, akambeba baba yake kama yai.

Kitu kimoja tu kinaniharibia raha. Bihogo.

Bihogo ni gari letu, Corolla. GL! Gaspari aliipa jina la ng'ombe kwa sababu ilikuwa ya kahawia inayokwenda kwenye wekundu, na ng'ombe wa rangi hiyo kwetu ndivyo anavyoitwa. Macho yalipokufa alimpa Teddy, na alimpa kama wazee wanavyotoa ng'ombe — mbele ya watu, pombe ya ndizi katikati, makofi. Akaweka na sharti: Bihogo asibadilishwe. Na kila mtu Ngara anajua, ukipewa ng'ombe ukamtunza vibaya, aliyekupa anamchukua. Hata uwe mtoto wake.

Sasa Teddy kampaka rangi nyeupe.

Alikuwa na sababu! Ile njia ya pori ni vumbi, na gari la kahawia ndani ya vumbi halionekani. Siku moja lori nusura limsage. Akapaka nyeupe, akabandua zile herufi GL za nyuma, akaweka redio ya skrini. Baba yake akiuliza, Bihogo hajambo? — tunajibu hajambo. Na ni kweli hajambo, injini inaimba.

Lakini leo mzee ana jicho. Na Teddy bila gari hilo hana kazi. Jeki, betri, spana, spea za watu, vyote vinatembelea humo. Akinyang'anywa, malori yatatafuta fundi mwingine.

Katufuata hospitali kwa gari la kukodi. Bihogo kamfunika turubai nyuma ya gereji. Tutakaa kwake Nyakanazi mpaka daktari amwone mzee tena Jumatatu. Mungu saidia turubai.

Jumatano, 11 Juni

Nyakanazi. Vumbi, malori, mishikaki, honi. Gaspari kavaa miwani nyeusi ya hospitali, kakalia tairi mbele ya gereji, anasoma migongo ya magari. Kila linalopita! Kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Analalamika. Magari yote meupe, au rangi ya jivu, watu wameacha kupenda rangi? Mimi nikakazana kuchambua mchele. Mchele wenyewe ulikuwa safi.

Anasema zamani ulikuwa huna haja ya kumuuliza mtu hali yake, unasoma mgongo wa gari lake. DX: viti vya plastiki vinavyounguza mapaja, chini mpira mweusi, mahali pa redio kumezibwa kibao. GL: viti vya kitambaa, zulia, saa ya mishale, na kile kiberiti cha sigara hata kama huvuti. Mtu akitoka DX kwenda GL watu walimpa mkono. Nakumbuka. Marehemu mume wa Nimpaye, jirani yangu, alikuwa na DX. Nimpaye mpaka leo anasema gari ni gari. Sawa, lakini saa za kwenda kanisani alikuwa anazipata wapi? Kwangu! Anakuja kuchungulia dirisha la Bihogo, anajifanya kapita kuomba chumvi.

Teddy, akiwa kajaa grisi mpaka kwenye viwiko, kamweleza baba yake mambo ya siku hizi. Hata gari la chini kabisa lina vioo vya umeme, lina kiyoyozi, lina skrini. Wenye magari wanasema "fulu", yaani lina kila kitu, na maneno yameisha. Tofauti imehamia ndani ya kompyuta, hili lina kamera nyingi, lile moja. Mzee kauliza, sasa jirani anajuaje? Teddy kamjibu, jirani hajui, baba. Gaspari katikisa kichwa. Nadhani amewahurumia watu wa siku hizi.

Mchana kikaja kigari kidogo kama kiatu, nyuma kimeandikwa V8. Mwenyewe ni Shibuda, mteja wa Teddy, mnunuzi wa ng'ombe. Gaspari kamuuliza hizo silinda nane amezificha chini ya kiti? Shibuda hata aibu hana.

"Nimebandika, mzee. Dukani ziko nyingi. Nikuletee na wewe?"

Gaspari kacheka mpaka nikamkataza, daktari kasema asijikaze. Halafu akatoa neno lililonichoma: "Kubandika si neno. Anayebandua ndiye simwelewi."

Teddy akaingia chini ya lori. Hakutoka mpaka chakula.

Ijumaa, 13 Juni

Turubai halikusaidia.

Asubuhi Irambona kapiga simu, dereva wa lori anayemjua Teddy siku nyingi. Giaboksi imekufa mbele ya Lusahunga na amebeba nyanya. Jua linawaka. Teddy akaniangalia. Nikamwambia kwa macho, nenda. Ningesema nini? Nyanya hazijui mambo ya baba na mtoto.

Kavuta turubai. Gaspari akiwa pale pale kwenye tairi lake.

Kauliza hiyo nyeupe ya nani. Mimi nilishapanga kusema ya mteja. Hakunisubiri! Akanyanyuka mwenyewe, akaenda. Akapitisha kiganja juu ya mlango, pale penye mfereji wa mvua. Akashuka mpaka kwenye kitasa. Akafungua, akafunga. Ule mlango una mlio wake — tup! — mzito, milango ya siku hizi hailii hivyo. Akazunguka nyuma. Teddy aliziba matundu ya zile herufi na kupiga msasa, mimi sioni kitu pale. Lakini vidole vya mtu aliyekuwa haoni huwezi kuvidanganya.

Kasema, "Bihogo." Hakuita. Alitaja, kama unavyomtaja aliyezikwa.

Teddy kasimama, spana mkononi. Nilifikiri atalia. Akasema, "Baba, nyanya za watu zinaoza. Nikirudi utaniambia." Akawasha, akaondoka, vumbi akatuachia sisi.

Nani mwingine angemjibu Gaspari hivyo? Hata mimi siwezi. Msichana wangu huyo! Kiburi ni cha baba yake, uzuri ni wangu.

Mzee kaketi pale akiangalia barabara mpaka jioni Teddy aliporudi.

Jumamosi, 14 Juni

Kanywa uji. Hasemi. Nikimtia dawa ya jicho ananyoosha shingo, basi. Teddy kamkaribisha ugali na nyanya alizopewa na Irambona, kasema ameshiba. Ameshiba nini?

Teddy kaanza kutoa vifaa vyake garini, anavipanga ukutani. Hajaambiwa. Nimemwambia aache. Kasema, mama, ni afadhali nivitoe mwenyewe.

Nimeshindwa kula na mimi.

Jumapili, 15 Juni

Ahaa! Nimelala kitandani naandika nikiwa nimenyoosha miguu kama bibi harusi. Mzigo umeshuka.

Tumetoka misa, Gaspari katuita. Kakaa wima, kofia kavua, kama yuko kikao cha ukoo. Sisi kwenye mkeka. Nikamshika Teddy kidole.

"Teddy, nilikupa ng'ombe wa rangi gani?"

"Bihogo, baba."

"Na huyu aliye nje?"

"Mweupe."

"Mweupe ni gitare. Basi huyu siye. Bihogo amekufa akiwa kazini, ng'ombe wanakufa. Huyu ni ndama wake."

Kwetu ukipewa ng'ombe, akizaa, ndama mmoja unamrudisha kwa aliyekupa. Haina mjadala. Nikajua ndiyo hivyo, anamchukua kwa heshima ili watu wasiseme amemnyang'anya mtoto. Teddy naye kaelewa. Kasema, "Ni haki yako, baba. Mchukue. Uniachie jeki tu."

Gaspari kamwangalia kwa hilo jicho lake jipya. Akasema taratibu, "Nani kasema namchukua? Ndama ni wangu. Namlaza kwako. Maziwa unakunywa wewe."

Jamani! Ng'ombe anayelazwa kwa mtu, mwenyewe anabaki na jina tu, anayefuga anakamua. Kwa hiyo gari ni la mzee, kazi ni ya Teddy, na lile sharti la zamani limezikwa na Bihogo. Hakuna wa kumnyang'anya mtu! Nikapiga vigelegele peke yangu mpaka wapangaji wa nyumba ya pili wakatoka na sabuni mikononi.

Nikamuuliza mbona alikaa siku nzima hasemi, ananikondesha. Nimekonda kweli, nguo inajua. Kasema Ijumaa alikuwa anapima. Teddy alipokuwa anarudi, yeye alimwona tangu kule sheli, ndani ya vumbi lote lile, kwa jicho moja lililokuwa bovu juzi tu. Angekuwa wa kahawia asingemwona, na dereva wa lori asingemwona pia. Kasema ilimchukua Jumamosi nzima kukubali kwamba mtoto alifikiri vizuri kuliko yeye. Hilo kaniambia mimi, Teddy alipokwenda kurudisha vifaa. Nikamwambia amwambie mwenyewe. Kasema atamwambia.

Skrini inabaki. Saa ya mishale irudishwe, hata ikiwa haitembei.

Jumatatu, 16 Juni

Daktari karidhika. Jicho safi! Asiiname, asibebe, dawa kama kawaida. Gaspari kauliza kuhusu kuendesha. Daktari kasema mpaka amwone tena Ijumaa ya tarehe 27, ndipo atajibu ndiyo au hapana. Mzee kaniangalia kama vile tayari ni ndiyo.

Alhamisi, 19 Juni

Nyumbani, Ntobeye. Kahawa iko juani, kuku wamenisahau. Watu wanakuja tangu asubuhi kumwona mtu aliyefufuka jicho. Kila mmoja anasimama mbele yake, mzee ataje rangi ya nguo. Nimpaye kaja na kitambaa kipya kichwani, nadhani alikivaa kwa kusudi. Gaspari kakitaja — zambarau yenye maua meupe — Nimpaye akakaa chini akalia. Na mimi nikalia. Tumezeeka pamoja sisi, acha nimtanie tu.

Alipomaliza kujipangusa kauliza kama ni kweli Bihogo amepakwa rangi, kuna mtu kamwambia. Nikamwambia hapana, Bihogo hayupo, huyu ni ndama wake, mzee kamlaza kwa Teddy. Familia yao ilitoka Burundi, mambo ya ng'ombe huna haja ya kumweleza mara mbili. Hapo hapo kauliza pombe ailete siku gani. Ndivyo mtu mwenye akili anavyouliza. Kisha akauliza kama ndama ana saa. Nikamwambia ana skrini inayokuonyesha njia mpaka Dar es Salaam. Kasema Dar es Salaam anaenda kufanya nini?

Mpango ni huu. Teddy analeta gari, watu wanakusanyika, Gaspari anamtaja ndama jina mbele ya wote. Jina hataki kuniambia. Nimemwomba, nimempikia, hataki.

Ila kuna jambo. Gaspari anasema mwenye ng'ombe ndiye anayemwingiza ndama uani, kwa hiyo kutoka barabara kubwa mpaka hapa mlangoni usukani ni wake. Teddy kasema kwenye simu, baba, ndama kalazwa kwangu, anaongozwa na anayemkamua. Wote wawili wana haki, na wote wawili vichwa vigumu. Daktari atasema lake tarehe 27. Akikataa sijui nani atathubutu kumwambia huyu mzee ashuke. Pengine mimi.

Namwona toka hapa jikoni. Kakaa kwenye kigoda, uso kauelekeza njiani. Mguu wa kulia unakanyaga udongo polepole. Mkono wa kushoto unabadilisha gia hewani — ya kwanza, ya pili — anapunguza kwenye ule mteremko wa kwa Nimpaye, anaongeza tena. Hajui kama namwangalia. Anatabasamu!

Nimeshawaambia Ntobeye yote, nimetuma watu Kibimba, padri naye kaambiwa. Hakuna kurudi nyuma. Wote wanakuja Jumapili ya Petro na Paulo, tarehe 29.