Kiti cha Baba Mkubwa

Jumatatu, 30 Juni 2008

Joto. Reli zimetanuka kuanzia uwanja wa ndege hadi Bloomington, hapa Minnesota, kutwa nzima tumekagua viungo. Vijana wa zamu yangu wanalalamika kama wanapikwa. Nimewaambia hili si joto, nendeni Mang'ula mwezi wa kumi na mbili. Hawajui Mang'ula ni wapi. Nimechoka kueleza.

Jumamosi Khoa na wazazi wake, Wavietnam tunaosali nao parokia moja, wanakuja kumposa Felista. Binti yangu wa pekee. Mama yake amefua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Mimi najifanya sina wasiwasi.

Alhamisi, 3 Julai

Nimepata msemaji.

Baba hasemi kwenye posa ya binti yake. Anasemewa, na anayesema ni baba mkubwa. Kiti hicho kilikuwa cha kaka yangu Damasi. Damasi alikwenda vita vya Uganda akafia huko mwaka 1979, na hatukupewa hata kaburi la kupalilia. Hapa Minnesota sina ndugu wa damu. Watanzania wenzangu wapo, wangekubali bila kubembelezwa. Lakini nani kati yao alinijua kabla sijaota ndevu?

Liang alinijua. Alikuwa mkalimani wa Wachina kwenye Reli ya Uhuru. Mimi nilikuwa kijana kutoka Ifakara nafyatua mataruma ya zege kule Mang'ula, yeye anatafsiri matusi ya msimamizi, yakitoka mdomoni mwake yamekuwa ushauri. Jioni alikuja kukaa nasi kujifunza methali. Tulimlisha pepeta, mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, akatuletea kabichi za bustani yao. Kisha reli ikakamilika, wakaondoka, nikajua basi.

Miaka saba iliyopita nilikuwa kwenye duka la vyakula pale University Avenue. Mzee mmoja wa Kichina anabishana na mwanawe juu ya samaki. Alipozidiwa akatamka, "Haya, shauri yako!" Nikageuka. Nusura nidondoshe mchele. Tukashikana pale dukani tukalia kama watoto, watu wanatuzunguka na matoroli yao.

Anaishi Roseville kwa mwanawe. Wakati wa baridi tunatembea pamoja ndani ya jengo la maduka, mzunguko baada ya mzunguko, na mazungumzo ni reli tu. Kiswahili chake kimebaki cha mwaka sabini na mbili. Bado anasema "ndugu" na "kujitegemea" bila kucheka. Felista humwita Baba Mkubwa, na hilo ni neno moja la Kiswahili analolitamka vizuri.

Leo nimemwomba akae kitini. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. Amekubali.

Tena ni bahati. Mchina na Mvietnam si majirani hao? Wataelewana upesi kuliko sisi, wote wanakula kwa vijiti. Nilimwambia hivyo Mama Felista. Akasema, "Na wewe na Mganda wote mnakula ugali." Nikamwambia aache uchuro.

Jumamosi, 5 Julai

Posa imeharibika.

Walifika saa tano, wamependeza. Bwana Thanh na suti yake, mkewe Bibi Lan na vazi refu la hariri, shangazi wawili, na Khoa anatokwa jasho mpaka nikamhurumia. Wamebeba visanduku vyekundu vya duara vimefunikwa vitambaa. Kulikuwa na keki, majani ya chai, na kimoja cha tambuu na popoo. Tambuu! Mama Felista ni mtu wa Bagamoyo, bibi yake alitafuna tambuu mpaka siku ya kufa. Alipofunua kile kitambaa akashika mdomo. Akawaambia hata kwetu Pwani harusi haiendi bila hii. Bibi Lan akamshika mkono. Nikasema moyoni, mambo yamejipa. Kisha Khoa akaingiza nguruwe mzima wa kuokwa, anang'aa, jikoni hapakuwa na pa kumweka.

Tukakaa. Liang kitini, shati jeupe, amenyooka. Akaanza, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Felista anatafsiri posa yake mwenyewe kwa Kiingereza, aibu tupu, lakini tungefanyaje? Wageni wakacheka kwa furaha, Mwasia anazungumza Kiafrika! Bwana Thanh akauliza, mzee huyu ametokea wapi. Liang akajibu mwenyewe. Beijing.

Nikaona uso wa Bwana Thanh unafungwa. Liang hakuona. Akaendelea, na laiti angeishia hapo. Akasema China na Vietnam ni midomo na meno, midomo ikiondoka meno yanapata baridi. Ni maneno ya hotuba za enzi zile, ameyatafsiri mara nyingi mno. Mdomo uliponza kichwa.

Bwana Thanh alimsikiliza Felista mpaka mwisho. Akasema taratibu, "Meno ndiyo yaliyouma midomo." Akasimama. Akawaambia wakusanye visanduku. Shangazi wakakusanya. Bibi Lan analia kimyakimya. Khoa alibaki mlangoni anamtazama Felista, baba yake akamwita mara mbili.

Felista amejifungia chumbani. Liang ameondoka bila kunywa chai. Nina hasira. Nyumba yangu, kiti changu, mgeni anichagulie wa kukikalia?

Nguruwe wamemsahau.

Jumapili, 6 Julai

Misa. Wao upande wa kulia, sisi kushoto. Padri anahubiri amani, kama amepewa taarifa.

Mama Felista amekataza mtu yeyote kumgusa nguruwe. Kula vya posa ni kuitikia posa. Amemkatakata mapande kwa shoka la mjukuu wa jirani, amejaza friza mbili, yetu na ya jirani Mkenya. Nyumba nzima inanukia, na chakula chetu cha mchana kimekuwa mkate na chai. Nilijaribu kumega sikio. Nimepigwa mkono.

Jumanne, 8 Julai

Felista hazungumzi nami. Asubuhi tu alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba nilimchagulia baba mkubwa kwa ajili ya ujana wangu na si kwa ajili yake. Akaenda kazini. Maneno hayo nimeshinda nayo relini.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda kwa Bwana Thanh. Sababu niliyojipa ni kumrudishia nguruwe wake. Sababu ya kweli ni kumpasha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, hata taa nyekundu moja nusura niipite.

Nyumba ndogo, Saint Paul, uani mboga zimepandwa kwa mistari. Alikuwa ndiyo katoka karakana anakochonga vyuma, mikono bado ina mafuta. Alipoona sanduku la barafu akajua. Uso ukamshuka. Bibi Lan akapiga ukelele. Kumbe kwao kurudisha vyote ni kukataa. Mimi nimekuja kugomba, nimekuta nimevunja uchumba!

Nilieleza, nikajichanganya. Bibi Lan hakungoja. Alitumbukiza mikono kwenye barafu, akatoa kichwa, akakiweka sinkini, akafunga sanduku na kunisukumia. Khoa alinifafanulia. Upande wa bwana hurudishiwa sehemu tu, nyingine hubaki kwa bibi harusi. Kwa hiyo posa ingali hai. Mama huyu ana akili kuliko sisi sote.

Kisha Bwana Thanh akanipeleka sebuleni. Kuna rafu, Bikira Maria katikati, pembeni picha ya kijana aliyevaa sare nyeupe ya jeshi la majini. Kaka yake. Januari 1974 Wachina walipigania visiwa kwenye bahari ya Vietnam, visiwa vya mchanga na vinyesi vya ndege, anasema mwenyewe. Meli ya kaka ilipigwa. Hakurudi. Visiwa wanavyo Wachina mpaka leo, na majuzi tu vijana wa Hanoi waliandamana barabarani kwa ajili hiyohiyo. Yeye alikimbia wakomunisti wa Hanoi, anasema, lakini siku ile alitaka kuwa pamoja na vijana hao barabarani.

Hasira yangu iliisha kama moto wa mabua.

Januari 1974. Najaribu kukumbuka mwezi ule. Nakumbuka mvua, zege linakataa kukauka. Nakumbuka tuliletewa filamu, shuka jeupe limetandazwa kati ya miti, Liang anatutafsiria kwa kipaza sauti. Nilikuwa na furaha siku zile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Habari za meli hatukuzisikia.

Alisema hamchukii Liang. Lakini siku ya posa Khoa lazima ainame mbele ya mkubwa wa nyumba yetu. Kaka hana kaburi, na mwanangu amwinamie Mchina? Ndivyo alivyosema. Nikamweleza juu ya Damasi. Akaniuliza kama ningemweka Mganda kwenye kiti hicho.

Nina rafiki Mganda, tunakula pamoja kila wiki. Kwenye kiti cha Damasi, hapana.

Alhamisi, 17 Julai

Nimemsimulia Mama Felista. Akasema, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Akarudi kuosha vyombo. Mwaka ule Damasi anakufa, Wachina waliingia Vietnam tena, safari hii kwa nchi kavu kutoka kaskazini. Nimelikumbuka hilo leo. Redio ilisema, lakini sisi masikio yalikuwa Kagera.

Sina ujanja. Ama binti, ama Liang.

Jumapili, 20 Julai

Nimemwambia.

Tulikuwa kwenye benchi ndani ya jengo la maduka, watoto wanapita na aiskrimu. Nilimweleza yote, picha, meli, kuinama. Alisikiliza kama anavyosikiliza mkalimani, kichwa chini. Nilipomaliza akasema, "Januari ile nilikuwa Mang'ula, Ndugu Kasimiri. Nilikuwa na wewe."

Nikasema najua.

Akarudia. Nilikuwa na wewe.

Baadaye akasema ni sawa, binti kwanza. Akaomba nimrudishe nyumbani, hatukumaliza hata mzunguko mmoja. Alishuka garini bila kugeuka. Nimemdhulumu mtu ambaye hakunikosea kitu. Na hata kesho ningefanya vilevile, hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Michezo ya Olimpiki imefunguliwa Beijing. Tumetazama jioni, Mama Felista anakatakata vitunguu vya kesho. Ngoma, fataki, maelfu ya watu wanakwenda kama mwili mmoja. Mimi niliwajua watu hawa na viatu vya turubai, suruali ina viraka magotini, beseni moja la kunawia watu wanne. Walikuwa maskini kama sisi, na walitujengea reli. Sasa kijana wa zamu yangu anasema Wachina watatununua mpaka pumzi, wakati mtaani kwetu nyumba mbili zimechukuliwa na benki.

Nilitaka kujivuna kwa ajili yao. Nilijivuna kidogo. Kisha ikanijia akilini picha ya yule kijana wa sare nyeupe, ikabidi nitoke nje kumwagilia majani.

Nilimpigia Liang kumpongeza. Mwanawe alipokea. Amelala, alisema. Saa mbili usiku, jua bado lipo.

Jumamosi, 9 Agosti

Wamekuja tena, visanduku vilevile, nguruwe mpya.

Kiti tulikiacha wazi. Tulibishana wiki nzima nani aseme, mwishowe Mama Felista akasema, "Nitasema mimi, nani atanizuia?" Mwanamke kusimama kupokea posa! Ukoo mzima Ifakara ungezimia. Akasema, na akasema vizuri, akawachombeza shangazi mpaka wakajifuta machozi. Bibi Lan alikuwa anaitikia kabla hata Felista hajatafsiri.

Ilipofika kuinama, Khoa alimwangalia baba yake. Bwana Thanh akaniuliza jina la kaka. Nikamtajia. Akamwambia mwanawe ainame mbele ya kiti. Khoa akainama, Felista ubavuni kwake, mara tatu. Bwana Thanh naye akainamisha kichwa. Mimi nililia mbele ya watu na sikujali.

Harusi Oktoba. Felista amenibusu shavuni. Nimelala kidogo mchana, usingizi mzuri.

Jumapili, 17 Agosti

Vya posa hugawiwa ndugu, kwao na kwetu. Fungu la kwanza ni la baba mkubwa. Mama Felista alilifunga mwenyewe kwenye karatasi nyekundu, chai, keki, tambuu kidogo. Baada ya Misa nikalipeleka Roseville.

Liang alikuwa peke yake. Alilipokea kwa mikono miwili. Hakuuliza limetoka wapi. Alichemsha maji, akatia majani ya kina Thanh kwenye birika, tukakaa kwenye meza ya jikoni. Nikamwambia tarehe ya harusi. Akasema atafikiri, miguu yake siku hizi si mizuri.

Chai ilikuwa nzuri, ina harufu ya maua. Alikunywa kikombe kizima.

Kisha akauliza, "Yule kaka wa Bwana Thanh alikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na mbili."

Akaitikia kwa kichwa. Akaniongeza chai. Nilikaa mpaka mwanawe aliporudi, tukazungumza juu ya mvua na bei ya petroli. Habari za reli hatukuzigusa.